Mkojo wa Saa Sita Mchana

Agizo la kuleta mkojo wa asubuhi, ule wa kwanza baada ya kuamka, limezoeleka hospitalini kiasi kwamba hakuna anayelihoji. Kwa vipimo kadhaa ni agizo sahihi. Kwa kichocho cha kibofu cha mkojo linapoteza jibu. Mayai ya mnyoo wa kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na hufikia kilele karibu na saa 6. Mtu mwenye minyoo anaweza kupeleka maabara kikopo cha alfajiri na lisionekane yai hata moja. Ataandikiwa kwamba hana ugonjwa, atarudi kijijini na karatasi yake, na mayai yataendelea kupenya kwenye ukuta wa kibofu chake kama yalivyofanya jana na juzi.

Nimeanza na saa makusudi. Tukizungumzia kichocho, mazungumzo huishia haraka kwenye vidonge: vimefika au havijafika, watoto wamemeza au wamekataa. Vidonge vimeokoa afya za watoto wengi mno na sitavibeza. Lakini kadiri ugonjwa unavyopungua, ndivyo swali la nani bado anao linavyozidi kuwa gumu, na swali hilo hujibiwa na mkojo. Ukipimwa vibaya utajibu vibaya, na majibu mabaya yakikusanywa kutoka shule mia moja yanakuwa takwimu za taifa.

Kichocho huletwa na minyoo wa damu wanaoingia mwilini kupitia ngozi. Mgonjwa akikojoa mtoni au bwawani, mayai yakikutana na maji yasiyo na chumvi huanguliwa ndani ya muda mfupi, na kinachotoka humo huogelea kumtafuta konokono wa maji. Wiki kadhaa baadaye konokono huyo hutoa minyoo wachanga kwa maelfu, wenye mkia wenye panda, wengi wao jua likiwa limepanda, saa zile zile watoto wanapooga na kina mama wanapofua. Hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote, huingia kwenye damu, hukomaa kwenye mishipa ya ini, kisha dume na jike huambatana na kushuka hadi kwenye mishipa inayozunguka kibofu. Dume ana mfereji mwilini mwake ambamo jike hukaa. Huishi hivyo kwa wastani wa miaka 3 hadi 5, na wapo waliokutwa hai baada ya miongo kadhaa ndani ya watu waliokwisha hamia nchi zisizo na kichocho kabisa.

Minyoo wenyewe hawamuumizi sana mwenyeji wao. Kinachoumiza ni mayai. Jike mmoja hutaga makumi, pengine mamia, kila siku, na takriban nusu yake hayapati njia ya kutoka. Hunasa kwenye kuta za kibofu, kwenye mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, na kwenye viungo vya uzazi. Mwili huyazingira, panavimba, panabaki makovu. Mtoto hukojoa damu, huishiwa damu, hudumaa, husinzia darasani. Mtu mzima aliyeachwa miaka mingi bila dawa huweza kuharibikiwa figo. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimweka mnyoo huyu miongoni mwa visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu, kwa sababu ya saratani ya kibofu.

Huyo ndiye wa mwambao wa Tanzania na Kenya, wa Unguja na Pemba, na wa maeneo ya bara yenye mabwawa na majaruba ya mpunga kama Shinyanga na Simiyu. Yupo wa pili, wa kichocho cha tumbo, aliyetawala kando ya Ziwa Victoria na visiwa vyake, ambaye mayai yake hutoka na kinyesi. Nitafika huko, kwa sababu naye sasa anatafutwa kwenye mkojo.

Mtu wa kwanza kumwona mnyoo huyu kwa macho ya kitaalamu alikuwa daktari kijana wa Kijerumani, Theodor Bilharz, mwaka 1851, alipokuwa akipasua maiti katika hospitali ya Kasr el-Aini mjini Cairo. Ugonjwa wenyewe ni mkongwe kuliko hospitali yoyote. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alitangaza kwamba amekuta mayai yaliyogeuka chokaa ndani ya figo za maiti zilizokaushwa za Misri ya kale, zenye umri wa miaka 3,000 hivi. Hata hivyo ilibidi kusubiri hadi 1915 ndipo Robert Leiper, akifanya kazi huko huko Misri, alipothibitisha njia inayopita kwa konokono na kutenganisha aina mbili za mnyoo. Alama iliyowagawa ni ya kuonekana kwa hadubini: yai la kichocho cha kibofu lina mwiba kwenye ncha, la kichocho cha tumbo lina mwiba ubavuni.

Alama hiyo mpaka leo ndiyo msingi wa kipimo. Ukifika kwenye skuli ya Pemba siku ya upimaji utaona watoto wamepewa vikopo vyenye namba, wanaelekezwa chooni kuanzia saa 4. Maelekezo mazuri hayaishii kwenye saa. Mtoto huambiwa akojoe mpaka amalize na asimwage tone la mwisho, maana kibofu kinapojikamua ndipo mayai hutoka kwa wingi. Ndiyo sababu pia damu ya kichocho huonekana zaidi mwishoni mwa haja. Anayejaza kikopo kwa mkojo wa mwanzo akaendelea kukojolea tundu la choo amekitupa kile kile kinachotafutwa. Na aliyekosa mkojo, akaongeza maji ya bomba ili naye aonekane amefanya kazi, ameyapa mayai nafasi ya kuanguliwa kikoponi kabla hayajafika maabara. Vikopo huwekwa kivulini, ndani ya sanduku la baridi, na hupimwa siku hiyo hiyo.

Mtaalamu wa maabara hukitikisa kikopo kwanza, kwa kuwa mayai huzama chini. Huvuta mililita 10 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, huunganisha kishikizo kidogo cha plastiki chenye chujio ndani yake, kisha husukuma taratibu. Matundu ya chujio ni ya mikromita 12. Yai lina urefu wa takriban mikromita 140, yaani mayai saba yakipangwa mkia kwa kichwa hayajazidi milimita moja; mkojo hupita, yai hubaki. Chujio hutolewa kwa koleo ndogo, hulazwa juu ya kioo, hutiwa tone la iodini, huwekwa chini ya hadubini. Na hapo yai halina haja ya kubishaniwa: umbo la mviringo mrefu, ganda angavu, mwiba mmoja mwishoni, na likiwa bado hai unaweza kukiona kiumbe cha ndani kikitikisa vinyweleo vyake.

Kisha huhesabiwa yote, mstari kwa mstari, mpaka chujio liishe. Mayai 50 au zaidi katika mililita 10 ni maambukizi makali; chini ya hapo ni mepesi. Hesabu hiyo inayofanywa na mtu mmoja, jicho moja, mara nyingi kwenye chumba chenye joto, ina uzito mkubwa kuliko tunavyodhani. Ramani ya Shirika la Afya Duniani ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele, inayoishia mwaka 2030, inaitaka kila nchi yenye kichocho, na zipo 78, ishushe maambukizi makali yawe chini ya asilimia 1. Kwa hiyo nchi kuhesabiwa kwamba imekitokomeza kichocho kama tatizo la afya ya jamii kunategemea mayai 49 yasiwe 50, na 50 yasihesabiwe 49.

Hadubini, hata hivyo, haiko kila mahali, na mwenye kuijua hayupo kila mahali ilipo. Ndiyo maana kikaja kijiti. Ni ukanda mwembamba wa plastiki wenye kipande cha karatasi yenye dawa kwenye ncha. Unauchovya kwenye mkojo, unasubiri dakika moja, unaulinganisha na rangi zilizochapwa kwenye chupa: njano ina maana hakuna kitu, na kadiri inavyoelekea kwenye kijani iliyokoza ndivyo damu ilivyo nyingi. Utafiti uliofanywa Ghana na Zambia na kuchapishwa mwaka 1985 ulionyesha kwamba palipo na kichocho kingi, damu kwenye mkojo wa mtoto inatosha kumtambua mgonjwa, hata damu ambayo jicho haliioni. Miaka hiyo hiyo ya 1980, Pemba nayo ikaanza kutegemea alama ya damu kuwatafuta watoto wa kutibiwa.

Lakini kijiti hakimwoni mnyoo wala yai. Kinaona damu tu. Msichana aliye kwenye siku zake atakigeuza rangi, mwenye mawe kwenye figo atakigeuza, na mwenye maambukizi ya njia ya mkojo, haya ambayo mitaani kila mtu anayaita UTI, naye anaweza kukigeuza. Kwa upande mwingine, mwenye minyoo wachache anaweza asiwe na damu kabisa. Ni rahisi sana, katika zahanati iliyo umbali mfupi kutoka kwenye bwawa, mama mwenye damu kwenye mkojo kuandikiwa UTI, akapewa antibayotiki, akarudi baada ya mwezi akaandikiwa antibayotiki kali zaidi, na hakuna aliyemuuliza anafulia wapi. Swali hilo halina gharama yoyote.

Na kuuliza kuna nguvu kuliko wengi tunavyodhani. Kazi iliyofanyika Kilosa, mkoani Morogoro, mwishoni mwa miaka ya 1980 ni miongoni mwa mambo ambayo nchi hii imeifundisha dunia na hatuyasemi vya kutosha. Shida ilikuwa namna ya kuzijua shule zenye kichocho kingi bila kupeleka wataalamu wa maabara kila kijiji. Christian Lengeler na wenzake wakapitisha dodoso kwenye njia za kawaida za idara ya elimu, kutoka wilayani hadi kwa walimu wakuu. Walimu wakawauliza watoto maswali machache kuhusu maradhi waliyougua karibuni, kichocho kikiwa kimechanganywa na maradhi mengine kwenye orodha ili kisijitokeze. Shule ambazo watoto wengi walijibu kuwa wana kichocho zikapelekewa vijiti, na waliopima wakawa walimu wenyewe.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1991 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Watoto walikuwa wanajua. Shule zilizosema zina kichocho ndizo zilizokuwa nacho, na walimu walikisoma kijiti vizuri. Njia hiyo ikajaribiwa katika nchi nyingine za Afrika na matokeo ya pamoja yakatolewa mwaka 1995. Kila ninapoifikiria kazi ile huniletea heshima kubwa kwa mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kwenye hotuba za afya hutajwa mwishoni, baada ya mganga mkuu, mganga mfawidhi na mfadhili. Kikwazo kimoja kilijitokeza katika njia za namna hii na hakijaondoka: wasichana huona haya kusema kwamba wanakojoa damu. Wavulana nao, katika baadhi ya jamii za Afrika, wamelelewa wakiamini kwamba mkojo mwekundu ni dalili tu ya kukua.

Baadaye vidonge vikawa vingi na upimaji wa mmoja mmoja ukarudi nyuma. Prazikwanteli ni dawa salama, humezwa mara moja kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, na mashuleni mtoto husimamishwa kwenye ubao wa urefu badala ya mizani ili ijulikane ameze vidonge vingapi. Kampuni ya Merck ya Ujerumani imeahidi kutoa hadi vidonge milioni 250 kwa mwaka kupitia Shirika la Afya Duniani. Kumtibu kila mtoto bila kumpima kwanza ni uamuzi wenye mantiki palipo na ugonjwa mwingi: kipimo kitakula fedha na siku, na dawa haina madhara makubwa kwa asiyeumwa. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2022 unasema panapokuwa na maambukizi ya asilimia 10 au zaidi, watu wote kuanzia umri wa miaka 2 wapewe dawa kila mwaka.

Asilimia 10 hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye vikopo. Wanapimwa watoto wachache wa shule chache, namba inapatikana, na namba hiyo ndiyo inayoamua kijiji kipi kitaona vidonge mwaka ujao na kipi kitasubiri. Wakipimwa asubuhi mno, au likivuja chujio, au msomaji akiwa amechoka, asilimia 12 inaweza kuandikwa 7. Kijiji hakitajua kamwe kwamba kilikosa dawa kwa sababu ya saa ya kukojoa.

Kando ya Ziwa Victoria tatizo hili ni kubwa zaidi, na huko ndiko mkojo umefanya jambo ambalo wa kale wasingelitarajia. Kichocho cha tumbo hupimwa kwa kinyesi. Njia iliyozoeleka huchukua miligramu 41.7 tu za kinyesi, kiasi kidogo kuliko punje ya mahindi, na mayai huhesabiwa humo. Mtu mwenye minyoo wachache hutoa mayai machache, na mayai machache yanaweza kuwa popote isipokuwa kwenye kipande kile kidogo kilichochotwa. Aliyepimwa leo akakutwa hana, kesho anaweza kukutwa nayo.

Mnyoo mwenyewe ana udhaifu unaomfichua. Anakula damu, lakini utumbo wake hauna njia ya kutokea nyuma, hivyo mabaki ya chakula huyatapika kupitia mdomoni, ndani ya damu ya mwenyeji wake. Katika matapishi hayo kuna chembe za utumbo wake ambazo husafiri na damu, hupita kwenye figo na kuingia kwenye mkojo. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, akiwemo André Deelder, walitumia miaka mingi kuzichunguza chembe hizo. Kipimo cha haraka kinachozitafuta kilianza kuuzwa mwaka 2008, kikitengenezwa Pretoria, Afrika Kusini. Kinafanana na kile cha mimba: matone ya mkojo, dakika 20, mistari miwili kwa mwenye minyoo na mmoja kwa asiye nao. Mtoto hahitaji tena kuleta kinyesi kwenye kikopo, jambo ambalo yeyote aliyewahi kusimamia upimaji shuleni anajua lilivyo na aibu na lilivyo na visingizio.

Mwezi Mei 2014 Burundi ilikitumia kipimo hicho nchi nzima. Walipimwa watoto 17,331 katika shule 347, wa miaka 13 na 14. Katika sehemu ya shule hizo, 170, kilichunguzwa pia kinyesi kwa njia ya kawaida. Kinyesi kilisema asilimia 1.5 ya watoto wana kichocho cha tumbo. Mkojo ulisema asilimia 13.5. Na kama ungehesabu pia mistari hafifu, ile inayoonekana kwa shida mpaka ukiegemeza kipimo kwenye mwanga, mkojo ulisema asilimia 42.8.

Namba tatu, nchi moja, mwezi mmoja. Kwa ile ya kwanza Burundi ilikuwa karibu kumaliza kazi. Kwa ile ya tatu, karibu nusu ya watoto wa umri ule walikuwa na mnyoo. Mjadala juu ya mstari hafifu umeendelea tangu hapo, na una sababu: unaweza kuwa minyoo wawili watatu wasiotaga sana, unaweza pia kutokana na ujauzito au maambukizi mengine ya njia ya mkojo. Mimi nasimama upande wa wanaosema mstari hafifu usitupwe. Usimhukumu mtoto mmoja mmoja kwa mstari huo, lakini shule yenye mistari hafifu tele si shule ya kufungiwa vidonge. Kosa la kumpa dawa asiyeumwa ni dogo na hupita. Kosa la kuondoka mapema huwarudisha minyoo ziwani, na safari huanza upya.

Ni lazima pia isemwe kwamba kipimo hiki hakifanyi vizuri kwa kichocho cha kibofu, hata kama mkojo ni ule ule. Ukikipeleka Pemba au Kwale utapata majibu ya kupotosha. Ipo chembe nyingine ya mnyoo ambayo Leiden wanaweza kuitambua kwenye mkojo na damu kwa aina zote za kichocho, hata pakiwa na minyoo wachache sana, lakini kazi hiyo bado inahitaji maabara yenye vifaa, na kipimo chake cha haraka cha kubebeka bado kinatengenezwa.

Kwa sasa Pemba inafanya kwa ilichonacho: kijiti, chujio na miguu. Miaka ya 1980 zaidi ya nusu ya watoto wa skuli visiwani walikuwa na kichocho. Waliozaliwa wakati huo wanakumbuka, na waliokuja baada yao wanakumbuka kitabu cha picha cha Juma na Kichocho kilichosomeshwa maskulini Unguja na Pemba. Baada ya miaka mingi ya vidonge, ukafuata mradi mkubwa wa kutokomeza maambukizi, wa mwaka 2011 hadi 2017, uliounganisha dawa mara mbili kwa mwaka, kunyunyiza sumu ya konokono kwenye mito na mabwawa, na kushirikisha wananchi katika kubadili tabia. Maambukizi makali yakawa ya kuhesabika katika shehia nyingi. Hata hivyo pakabaki sehemu zinazorudisha ugonjwa kila dawa inapokoma.

Kuanzia 2020, kaskazini mwa Pemba, wataalamu wa Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyopo Wawi nje kidogo ya Chake Chake, pamoja na wenzao wa wizara na wa vyuo vya nje, walijaribu utaratibu mwingine. Shehia ambayo watoto wa skuli wenye maambukizi ni asilimia 3 au zaidi iliendelea kupewa dawa kwa wote. Iliyo chini ya hapo haikupewa dawa kwa wote; badala yake watoto walipimwa kwa vijiti maskulini na kwenye vyuo vya Qur-ani, na aliyekutwa na ugonjwa alitibiwa, kisha akafuatwa. Wataalamu walikwenda nyumbani kwake, wakawapima anaokaa nao, wakauliza anaoga wapi, wakaenda kwenye maji hayo kumtafuta konokono. Mkojo wa mtoto mmoja ukawa njia ya kufika kwenye kisima cha maambukizi ya kijiji.

Utaratibu huo naupenda kwa sababu unamrudisha mtu kwenye hesabu. Lakini una gharama za aina ambayo hatujaizoea. Vidonge huja kwa msaada. Vijiti, machujio, iodini, mafuta ya pikipiki na posho ya mtu atakayepanda mpaka nyumba ya mwisho ya shehia hununuliwa. Na kadiri wagonjwa wanavyopungua, ndivyo gharama ya kumpata mmoja inavyopanda, na ndivyo afisa wa bajeti anavyoshawishika kuuliza kwa nini fedha zote hizo zitumike kwa ugonjwa usioonekana. Hapo ndipo nchi nyingi hulegeza mkono. Kijiti nacho katika hatua hii kinahitaji tahadhari zaidi: maambukizi mepesi hayatoi damu nyingi, na kati ya wanaotoa damu wengi wanakuwa na sababu nyingine. Chujio na hadubini haviwezi kustaafishwa.

Watoto wadogo ni kundi jingine lililopotea kwenye hesabu za skuli. Mama anayekwenda kufua bwawani humbeba mwanawe, na maji ya beseni analoogeshewa ni ya bwawa lile lile. Kwa miaka yote hii hawakupimwa kwa sababu hawajaanza skuli, na hawakupewa dawa kwa sababu kidonge ni kikubwa na kichungu. Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kuunga mkono kidonge cha watoto wa miezi 3 hadi miaka 6, kilichofanyiwa majaribio Kenya na Côte d'Ivoire. Kidonge kimepatikana, sasa inabaki kumfikia mtoto asiye na daftari la mahudhurio.

Kuna kundi moja ambalo mkojo hauwezi kulisemea, na hapa kila mhudumu wa afya anayesoma makala hii naomba anisikilize. Mayai ya kichocho cha kibofu hunasa pia kwenye mlango wa kizazi, ukeni na kwenye mirija ya uzazi. Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni kwamba wanawake na wasichana milioni 56 wana kichocho cha viungo vya uzazi, karibu wote wakiwa Afrika. Wanatokwa na uchafu, wanatoka damu baada ya tendo, wanaumia, wengine hawashiki mimba, na tafiti kadhaa, zikiwemo zilizofanywa Mwanza, zimeuhusisha ugonjwa huu na hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa VVU. Kwa nje dalili zake ni zile zile za magonjwa ya zinaa, na ndivyo zinavyotibiwa, tena na tena, mpaka mwanamke anaanza kumshuku mumewe na mume anaanza kumshuku yeye.

Mwanamke huyo anaweza kuwa na mkojo safi kabisa. Minyoo waliomjaza mayai wanaweza kuwa walikufa miaka iliyopita, au mayai yakawa yanaishia kwenye mlango wa kizazi bila kupita kwenye kibofu. Atakuja na kikopo kwa wakati unaotakiwa, chujio litasukumwa ipasavyo, hadubini itasomwa na bingwa, na jibu litakuwa hakuna yai. Jibu hilo ni la kweli kuhusu mkojo wake na halisemi lolote kuhusu kizazi chake. Anachohitaji ni mtu wa kumuuliza alikulia wapi na alikuwa akioga wapi, kisha amwangalie mlango wa kizazi, ambako mabaka ya njano yanayofanana na chembe za mchanga humwonyesha anayejua kuyatafuta. Pasipo na vifaa vya kumwangalia, historia ya maji na dalili zinatosha kumpa prazikwanteli. Mwongozo wa 2022 unawajumuisha hata wanaonyonyesha na wajawazito waliovuka miezi mitatu ya mwanzo, ambao kwa miaka mingi walirukwa wakati majirani zao wote wakimeza dawa.